arXiv kwa mtu wa fizikia ya nadharia: naipa nyota nne, ya tano nitasema imeenda wapi

Naanza na bei ya arXiv, hilo ghala la mtandaoni la pepa za utafiti, maana ndo inayotuuma wengi: ni bure. Sio ile bure ya mwezi mmoja halafu waanze kukudai kadi, bure kabisa, kusoma hujisajili, hakuna matangazo ya kubeti yanayokurukia usoni, unafungua arxiv.org unabonyeza PDF kwisha habari. Ukienda kwenye jarida lenyewe pepa moja tu wanaweza kukutajia dola 30 na zaidi, na hapo umeona muhtasari peke yake, hujui hata kama ndani kuna ile hesabu unayoitafuta. Pepa za nadharia tupu hazina picha nyingi kwahiyo faili huwa jepesi, bando halilii. Na tangu Desemba 2023 pepa nyingi mpya zinakuja na toleo la HTML, wanaosoma kwa simu wananielewa, kuivuta PDF kushoto kulia ukitafuta ikwesheni imeishia wapi ni adhabu.

Kwa asiyeijua: ni ghala ambako watafiti wanaweka kazi zao wenyewe, mara nyingi kabla jarida halijazichapa. Paul Ginsparg aliianzisha Agosti 1991 pale Los Alamos, Marekani, ikiwa ni mfumo wa barua pepe tu wa watu wa nadharia ya nishati ya juu, yaani wanaotafuta kwa hesabu sheria za chembe ndogo kabisa za maada (hesabu zao ndo zinaitwa uga wa kwanta). 2001 ikahamia Cornell, na sasa ina pepa zaidi ya milioni mbili, za hisabati, kompyuta, nyota, kila kitu. Ila hep-th, kitengo cha nadharia, ndo kifungua mimba, na mpaka leo huko ndo utamu ulipo.

Sasa nieleze kwa nini naipenda, kwa mfano mmoja maana sifa tupu hazisaidii. Chukua heliamu ya kawaida uipoze mpaka kelvini 2.17, yaani kama nyuzi 271 chini ya sifuri. Hapo inageuka supafluidi, inapita bila msuguano wowote, inapanda ukuta wa chombo na kudondokea nje yenyewe. Kapitza kule Moscow, na Allen na Misener kule Cambridge, walilitangaza hilo 1938. Cha ajabu ni kwamba hesabu za badiliko hilo ni ndugu wa damu wa hesabu za uga wa kwanta, ndo maana mtu wa chembe na mtu wa heliamu wanasomana pepa zao. Kuna kipeo kinaitwa nu, kinachosema mpangilio ndani ya kimiminika unatanuka kwa kasi gani kadiri unavyolisogelea lile joto la kugeuka. Kukipima duniani ni kazi, maana mvutano wa dunia unafanya shinikizo la chini ya chombo liwe kubwa kuliko la juu, heliamu haibadiliki yote kwa mpigo. Wakafanya nini? Oktoba 1992 watafiti wakairusha heliamu angani ndani ya Columbia, chombo cha anga cha NASA, wakapima joto kwa usahihi wa sehemu moja ya bilioni ya kelvini, na kutokana na vipimo vile nu inatoka karibu 0.6709.

Halafu Desemba 2019 Chester na wenzake wakaweka pepa yao arXiv, namba 1912.03324, hawajagusa heliamu hata tone, wamebana tu masharti ya ulinganifu kwa kompyuta, mbinu inaitwa butustrapu, wakapata 0.6718 hivi, na hesabu za Monte Carlo za watu wengine, zile za kuiga mfumo kwenye kompyuta kwa namba za kubahatisha, zinakubaliana nao. Utasema aah tofauti ya kidogo hiyo! Lakini ukiilinganisha na kosa la kipimo ni kama mara nane, haiwezi kuitwa bahati mbaya. Nani kakosea, chombo cha angani au nadharia? Hadi hapo hakuna aliyefunga kesi. Na wewe uliye Mwanza au Bujumbura ripoti ya wale wa angani unaipata humo humo kwenye cond-mat, kitengo cha fizikia ya vimiminika na vitu vigumu, ya butustrapu nayo humo humo, unaziweka pembeni mwa nyingine unaamua mwenyewe, gharama yake ni MB chache. Nitajie huduma nyingine inayokupa hivyo.

Ratiba nayo inatukubali. Wanatangaza pepa mpya saa mbili usiku ya mashariki mwa Marekani, kwa saa za Afrika Mashariki inakuwa saa tisa usiku au saa kumi alfajiri kutegemea majira yao, kwahiyo Jumatatu mpaka Ijumaa ukiamka na chai orodha iko tayari.

Ila sikiliza, arXiv ni soko la Feri. Samaki kashuka sasa hivi, mbichi, lakini hakuna aliyekukagulia, macho na mashavu unaangalia mwenyewe. Wasimamizi wapo, wanachuja takataka na kupanga vitengo, lakini hawahakiki hesabu za mtu. Septemba 2011 timu ya OPERA iliweka humo pepa ya nyutrino, chembe nyepesi mno, zilizotoka CERN, maabara ya chembe kule Geneva, hadi Gran Sasso, Italia, zikionekana kuiwahi nuru kwa nanosekunde kama 60, dunia ikapagawa, baadaye ikaja kujulikana kebo ya faiba haikuchomekwa sawasawa. Desemba 2015 pale CERN palionekana kinundu kwenye grafu ya data, kwenye nishati ya GeV 750 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), wanadharia wakamwaga mamia ya pepa kuelezea chembe mpya, Agosti 2016 data zikaongezeka na kinundu kikayeyuka. Zile pepa bado zipo, unaweza kwenda kucheka. Mimi nikifungua pepa naangalia kwanza ni v1, yaani toleo la kwanza, au imeshafika v3, kama chini pametajwa jarida lililoichapa, halafu naenda INSPIRE, tovuti inayoorodhesha pepa za fizikia ya chembe na nani kaitaja ipi, kuona nani kaitaja na kaitaja kwa kuisifu au kwa kuipinga.

Nyota niliyokata ni ya mlango wa kuingizia kazi. Kusoma wote tunaingia mlango mmoja na profesa wa Princeton, lakini kuweka pepa yako mara ya kwanza, tangu 2004, unaweza kuambiwa utafute mdhamini, mtu aliyekwisha kuweka kazi kwenye kitengo hicho. Sababu naielewa, bila hivyo kila wiki tungekuwa na watu kumi wamempindua Einstein kwa kurasa tatu. Lakini aliyezungukwa na maprofesa wa nadharia mdhamini ni kugeuza kichwa tu, mwanafunzi aliye peke yake kwenye chuo ambacho hakuna hata mmoja wa hep-th anaanza kuwaandikia wageni barua pepe za kubembeleza. Walio karibu na EAIFR pale Kigali, taasisi ya utafiti wa fizikia iliyoanza 2018, mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, naona wana ahueni. Wengine Mungu awasaidie. Na utafutaji wake pia uko kizamani, ukiandika maneno ya jumla unamwagiwa matokeo elfu moja, bora uanzie Google.

Kama ndo unaanza, usivamie orodha ya leo ya hep-th, utatoka na kichwa kinauma na kujiona mjinga bure. Kwenye kutafuta chagua kichwa cha habari, andika lectures pamoja na mada yako, iwe superfluid au effective field theory. Yanakuja masomo ya zile shule za kiangazi kama Les Houches na TASI, marefu, yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, na mengi ni bora kuliko kitabu ambacho ungekisubiri miezi posta.