Corvette Stingray ya 2014: ekzosi ya kawaida au yenye valvu?

Injini ya gari hili la michezo la Chevrolet ni ileile, V8 (silinda nane) ya lita 6.2. Kinachotofautiana ni njia ya moshi kutoka.

Ekzosi ya kawaida inapitisha moshi wote ndani ya sailensa, uwe unatambaa kwenye foleni au umekanyaga mafuta hadi mwisho. Sauti yake ni nzito na ya kiungwana. Kwa safari ndefu haichoshi masikio.

Ile yenye valvu ina visahani vinavyojizungusha ndani ya mabomba. Vikijifunga, moshi unazungushwa kwenye sailensa na gari linatulia. Vikifunguka, unapata njia fupi ya kutokea, na hapo ndipo V8 inaponguruma kwelikweli: mlio mpana wa chini unaopanda kadiri mizunguko ya injini inavyoongezeka. Dereva huchagua kwa swichi ya hali za uendeshaji. Ukiweka Track, yaani hali ya uwanja wa mbio, valvu zinafunguka mapema zaidi.

Kwenye nguvu, tusidanganyane. Chevrolet yenyewe ilitaja nguvu za farasi 455 kwa ya kawaida na 460 kwa yenye valvu. Tano tu! Moshi unatoka kwa urahisi zaidi injini ikizunguka kwa kasi, lakini barabarani huwezi kuhisi tofauti hiyo.

Mimi ningechukua yenye valvu bila kusita, kwa ajili ya sauti, na kwa sababu alfajiri unaweza kutoka nyumbani bila kuamsha mtaa mzima. Anayetafuta mwendo zaidi, pesa ya kuongezea valvu aiweke kwenye matairi.