Lenzi ya mara 10 kwa kutazama graniti za majengo: nimeitumia miezi 8

Nimeweka graniti kwenye ngazi, kaunta na kuta kwa miaka 11. Kuikata najua, kuipiga polishi najua, kuiunga mpaka kiungo kisionekane najua. Kuitazama ndiko nilikuwa sijawahi. Kilichonifungua macho ni lenzi ndogo ya kukunja, inayoenea kiganjani, inayokuza mara 10.

Kwa anayetaka kununua, nasema mapema: namba kubwa isikuvute. Ya kwanza niliyonunua iliandikwa 30, nikashindwa kabisa kuitumia ukutani. Lenzi ya mara 10 hukaa kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye jiwe. Ya mara 30 inataka milimita 8 tu. Pua inagusa ukuta, kichwa kinaziba mwanga, na unachokiona ni kieneo kidogo ambacho huwezi kujua kimetoka wapi. Tena nilipoijaribu juu ya rula, haikukuza kama ilivyoandikwa, na muuzaji akakataa kunirudishia hela. Hii ya sasa ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, kwa hiyo picha haipindi pembeni wala haitoi rangi za upinde wa mvua.

Kuitumia, isogeze jichoni mpaka ikaribie kope, halafu peleka kichwa taratibu kwenye jiwe hadi picha itulie. Jicho la pili usilifumbe, utachoka haraka.

Anza na ukuta uliopigwa polishi, mwanga ukitokea upande. Chembe za kijivu zinazofanana na kioo chenye ukungu ni kwatzi, mojawapo ya madini yanayounda graniti. Hazina umbo lake zenyewe, zimejaza nafasi zilizoachwa, kwa sababu uji wa mwamba unapopoa polepole huko chini ya ardhi, kwatzi huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kuganda. Vipande vya pinki au vyeupe vyenye kingo zilizonyooka ni feldispa. Vyeusi vinavyometa kama magamba ya samaki ni ulanga.

Feldispa moja siisahau. Ilikuwa ya pinki, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kwenye ukuta wa mlango wa jengo la ofisi. Katikati ilipitiwa na mstari mnyoofu kama wa rula: upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Niliposogeza kichwa kidogo, zikabadilishana, iliyofifia ikawaka. Ni fuwele mbili zilizokua zimeshikana, kila moja imeelekea kwake. Mlinzi alikuja kuniuliza natafuta nini, nikampa lenzi. Akatazama muda mrefu, akasema, "Fundi, ukuta huu naegemea kila siku."

Kilichoniuma ni yale madoa. Mara nyingine slabu, yaani bamba la jiwe, huja na bonge jeusi la ukubwa wa ngumi, na wateja hawalitaki. Mimi nimeyakata mengi nikayatupa, au nikayaficha nyuma ya sinki. Sasa najua kwamba bonge la namna hiyo huweza kuwa kipande cha mwamba mwingine kilichomezwa na uji wa moto kabla haujaganda. Kwenye lenzi unaona ukingo wake, mahali pengine umekatika wazi, mahali pengine umeanza kuyeyukia ndani ya graniti.

Lenzi pia imenifundisha kutoamini majina ya dukani. Nyingi za zinazouzwa kama "graniti nyeusi" ni gabro au doleriti, miamba mingine ya rangi nyeusi. Tafuta ile chembe ya kijivu ya kioo, huioni. Ile yenye vimulimuli vya buluu ni lavikaiti ya Larvik, Norwei, ya miaka kama milioni 300, nayo si graniti. Buluu yake si rangi ya jiwe: ndani ya feldispa kuna tabaka nyembamba mno zinazochezesha mwanga. Ile ya kahawia inayouzwa kwa jina la Baltic Brown, ya Finlandi, ni graniti kweli, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 1.6. Tazama zile duara zake za kahawia, nyingi zimezungushiwa ukanda wa kijani, feldispa moja imevikwa feldispa nyingine.

Kwenye ngazi za nje zilizochomwa kwa moto ili zisiteleze, lenzi inahangaika. Joto likifika nyuzi 573, kwatzi hutanuka ghafla na uso wa jiwe unabanduka vipande vipande, ukabaki umeparuzika. Mwagia maji kidogo, rangi zinarudi.

Kasoro ya lenzi hii ni skrubu ya bawaba. Ililegea mwezi wa pili, nikaikaza kwa bisibisi ya miwani, ikalegea tena. Taa haina, kwa hiyo kwenye korido zenye giza namulika kwa simu kutoka pembeni. Kamba yake ni fupi. Nimefunga nyingine, naivaa shingoni hata kazini, na slabu yenye bonge jeusi siku hizi namwonyesha mteja kwanza kabla sijashika msumeno.