TAHADHARI: "Sevisi ya safari" iliyofanyika kwenye risiti tu

Wadau wenye pikapu, hasa wewe unayejiandaa kwa safari ndefu na mzigo nyuma, tafadhali soma hii kabla hujamwachia mtu funguo.

Siku nne kabla ya safari nilipeleka pikapu gereji moja yenye duka lake la spea hapohapo. Tulikubaliana oili na filta zote tatu, yaani ya oili, ya hewa na ya dizeli, beringi mpya za magurudumu ya mbele na grisi yake, oili ya breki, kulanti (maji ya kupozea injini), na tairi mbili mpya za nyuma. Fundi akaniambia, "Bosi, wewe tuachie gari, njoo jioni ulichukue." Jioni nikakuta gari limeoshwa, injini inang'aa, tairi nyeusi tititi. Risiti ndefu, kila kitu kimeandikwa. Nikalipa yote.

Baada ya kama saa tatu barabarani nikasikia mvumo mbele kushoto, unapanda kadiri ninavyoongeza mwendo. Nikasimama. Rimu ya kulia vuguvugu tu, ya kushoto haishikiki, na harufu ya grisi inayoungua. Nilitambaa hadi kwa fundi wa njiani, mzee mmoja mtaratibu. Akabandua kifuniko cha habu, yaani kitovu cha gurudumu, akaniita: "Hebu njoo uone mwenyewe."

Ile pini inayozuia nati ya beringi isifunguke ilikuwa imeota kutu nzima, imegandana na nati. Beringi haitoki bila kuchomoa pini hiyo, na ukishaichomoa unaweka mpya. Kwa hiyo gurudumu lile halikuguswa kabisa. Ndani grisi imekauka kama lami, na beringi ina madoa ya bluu, chuma kilichopikwa na joto. Familia yangu ilikuwa ndani ya gari hilo. Mpaka leo nikiikumbuka ile pini mwili unanisisimka.

Tukaanza kukagua kimoja kimoja. Oili ya injini walibadilisha kweli, hilo nalikiri. Lakini filta yake ni ileile ya zamani, imepakwa rangi mpya juu ya vumbi. Filta ya hewa imepulizwa kwa kompresa na kurudishwa, mikunjoni bado kuna kipande cha jani kavu. Oili ya breki kahawia iliyokolea. Hiyo ni hatari kubwa mteremkoni, kwa sababu oili ya breki hunyonya unyevu, na breki zikipata moto yale maji hugeuka mvuke, unakanyaga pedali inazama tu.

Tairi ndizo zilizoniuma zaidi. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Kwa nje sikuziona, maana mara nyingi tarehe kamili huwa upande mmoja tu, na wao walifunga upande huo ukiangalia ndani. Mzee akaingia chini na tochi, akasoma: 3114. Wiki ya 31 ya mwaka 2014! Ukipinda mpira kidogo kwenye mifereji unaona nyufa nyembamba zilizofichwa na dawa ya kung'arishia. Tairi ya namna hiyo ukiibebesha mzigo kwenye lami ya moto inaweza kupasuka wakati wowote.

Nilipowapigia, wakasema nilizidisha mzigo. Mzigo hauwezi kurudisha pini yenye kutu mahali pake. Nikaulizia beringi za zamani walizotoa, wakasema zimetupwa.

Siku hizi simwachii mtu gari. Kabla ya kwenda naweka alama ya rangi kwenye kila kitu kinachotakiwa kubadilishwa, hata pini. Vya zamani navidai mkononi kabla sijalipa. Filta mpya naifungua kwenye boksi mwenyewe na kuiandika tarehe. Tairi nasoma namba zikiwa bado chini, hazijapanda kwenye rimu. Na safari ya kwanza baada ya sevisi huwa fupi, bila mzigo: nikirudi nagusa rimu zote nne kulinganisha joto, nakaza tena nati za magurudumu, naangalia kama kuna kinachovuja chini. Ningefanya hivyo siku nne zile, ningekamata yote nikiwa bado nyumbani.

Fundi akikwambia huruhusiwi kusimama pale anapofungua gari lako, chukua funguo uondoke, hata kama safari ni kesho. Picha za pini, beringi na namba za tairi ninazo. Anayetaka kuziona ili ajue cha kuangalia aseme, nitaziweka.