itch.io kwa gemu ndogo ya kivinjari: uzoefu wangu wa kupokea na kutoa maoni

Natengeneza gemu ndogo za kuchezwa ndani ya kivinjari, na ninaziweka itch.io, tovuti aliyoianzisha Leaf Corcoran mwaka 2013. Kuweka gemu ni bure. Ukiamua kuuza, wewe ndiye unayechagua tovuti ichukue asilimia ngapi. Usipobadilisha kitu ni 10. Lakini kwa anayetafuta maoni bei si hoja. Hoja ni kwamba mchezaji anagusa kiungo, gemu inafunguka palepale bila kusakinisha chochote, na chini yake pana nafasi ya kuandika alichokiona.

Unapakia ZIP yenye index.html. Mwisho ni mafaili 1,000 na MB 500 baada ya kufunguliwa, na gemu ndogo haikaribii huko. Kinachowaangusha wengi ni herufi: Windows haijali kubwa na ndogo, seva inajali. Picha ikiitwa Adui.png na msimbo ukaomba adui.png, kwako inaonekana, kwa mchezaji haipo. Njia za mafaili pia zisianze na mkwaju (/), kwa sababu gemu inakaa ndani ya folda, si kwenye mzizi wa tovuti. Kwa anayetumia Vite, chombo cha kukusanya msimbo uwe tayari kupakiwa, andika base: './' kabla ya kujenga.

Gemu yako inaendeshwa ndani ya iframe, yaani ukurasa uliopachikwa ndani ya ukurasa mwingine, na hapo ndipo malalamiko mengi ya mwanzo yanapozaliwa. Kibodi haifanyi kazi mpaka mchezaji abonyeze ndani ya gemu. Sauti nayo, Chrome huizuia mpaka mtu aguse kitu. Kitufe kimoja cha "Anza" kinamaliza yote mawili: mbofyo wake unaileta kibodi, na hapohapo unaita resume() ya AudioContext, sehemu ya kivinjari inayocheza sauti. Mishale na spesi visukume mchezaji, si ukurasa, kwa hiyo weka preventDefault, amri ya kukizuia kivinjari kisifanye kazi yake ya kawaida, kwenye keydown (tukio la kubonyezwa) za vitufe hivyo.

Hifadhi ya alama inahitaji uangalifu zaidi. Vipo vivinjari vinavyozuia hifadhi ndani ya iframe ya tovuti nyingine, na kuigusa tu localStorage, hifadhi ndogo ya kivinjari, kunatupa kosa linaloiacha gemu na skrini nyeusi. Izungushie try na catch, maneno ya msimbo ya kunasa kosa, na ikishindikana weka alama kwenye kumbukumbu ya muda. Majina ya funguo yaanze na jina la gemu yako, maana gemu nyingi zinatumia anwani moja. Kwa sababu hiyohiyo usiite kamwe localStorage.clear(): unaweza kufuta maendeleo ya mchezaji kwenye gemu ya mwenzako.

Ukipata maoni mawili yanayopingana, mmoja akisema gemu ni ngumu mno na mwingine ni rahisi mno, waulize kwanza kuhusu skrini zao. requestAnimationFrame, amri inayochora kila fremu ya gemu, hufuata kasi ya skrini. Ukimsogeza adui pikseli 3 kila fremu, kwenye skrini ya Hz 144 anakimbia mara 2.4 zaidi ya kwenye Hz 60. Kokotoa mwendo kwa hatua ya muda isiyobadilika ya 1/60 ya sekunde, na muda uliopita tangu fremu ya nyuma ukizidi sekunde 0.1 ukate, la sivyo mchezaji aliyehamia kichupo kingine atarudi na kukuta gemu inakimbiza kwa mkupuo muda wote aliokuwa hayupo.

Sasa maoni yenyewe. Ukiuliza "mnaionaje?" utajibiwa "nzuri sana", na hapo hakuna cha kurekebisha. Andika maswali mawili au matatu kwenye maelezo ya gemu: uliishia hatua ya ngapi, wapi ulikufa mara nyingi, simu au kompyuta, kivinjari gani. Onyesha namba ya toleo pembeni mwa skrini. Mimi napakia kwa butler, chombo cha itch.io chenyewe, kwa amri ya butler push yenye --userversion, inayobeba namba hiyo ya toleo. Kinatuma sehemu zilizobadilika tu, kwa hiyo bando linapona.

Anayetoa maoni aeleze kilichotokea, na mtengenezaji atafute sababu. Mfano ni lalamiko la "ongeza urefu wa kuruka". Mara nyingi urefu hauna tatizo: mchezaji alibonyeza punde tu baada ya mguu kutoka ukingoni, na gemu ikamkatalia. Mruhusu aruke hata sekunde 0.1 baada ya kutoka ukingoni, na mbofyo uliokuja sekunde 0.1 kabla ya kutua ukumbukwe. Ukiongeza urefu badala yake, utaharibu hatua zote ulizokwisha kupanga na lalamiko litarudi vilevile.

Ninapojaribu gemu ya mwenzangu na ikagoma, nabonyeza F12 kufungua zana za msanidi za kivinjari, na kwenye Console nanakili mstari mwekundu wa kwanza, yaani kosa la kwanza. Ile inayofuata huwa ni matokeo yake.

Mashindano ya kutengeneza gemu (game jam) ya hapo hapo itch.io yanachochea kubadilishana maoni, kwa kuwa gemu iliyopigiwa kura chache kuliko idadi ya kati (median) ya kura za gemu zote hupunguziwa alama. Kwa hiyo washiriki hujibiana. Maoni huwa mafupi, ila mengi.

Upungufu ninaouona kwa wachezaji wa kwetu ni kwamba kuandika maoni kunahitaji akaunti. Aliyepokea kiungo kwenye WhatsApp hatajisajili, atacheza, atafunga. Pia anacheza kwa simu ya bei nafuu na bando la kupima: dakika moja ya muziki wa WAV ni takriban MB 10, wakati MP3 ya kbps 128 ni karibu MB 1. Vitufe vya kugusa viwe na upana wa pikseli 48 za CSS au zaidi, na canvas, eneo gemu inapochorwa, iwekewe touch-action: none ili ukurasa usiteleze chini ya kidole.

Kuhusu akaunti, dawa niliyoiona inafaa ni kitufe cha "Tuma maoni" kwenye skrini ya mwisho, kinachofungua https://wa.me/?text= katika kichupo kipya. Baada ya alama ya sawa na, weka toleo, kivinjari, hatua aliyofikia na muda aliocheza, vyote vikipitishwa kwenye encodeURIComponent ili nafasi na alama zisivunje kiungo. Mchezaji anamchagua aliyemtumia kiungo, anaongeza sentensi yake, anatuma.