Usiku wa pointi bila chai: hoteli za kifahari za Nairobi na Dar, ipi inakulipa

Mwezi wa nne nilimpeleka Mama Nairobi akatolewe mtoto wa jicho. Daktari alitaka kumwona tena siku ya tatu, kwa hiyo tulihitaji pa kulala usiku mara mbili, mahali tulivu pasipo na ngazi. Nilikuwa na pointi za hoteli, zile ambazo kampuni za hoteli humpa mwanachama kila anapolala kwao, nilizozikusanya kwa miaka mitatu ya safari za kazi. Nikasema hapa ndipo pa kuzitumia, Mama alale hoteli ya nyota tano bila mimi kutoa hata senti.

Hoteli yenyewe siitaji. Chumba kilikuwa kizuri, wahudumu wakarimu, tukalala salama. Asubuhi tukashuka kula. Mama, jicho moja limefunikwa kwa pamba, alichukua bakuli la uji wa wimbi, kipande cha nduma na vipande viwili vya nanasi. Mimi nilikula mayai na kahawa. Mhudumu akaja na kijitabu chake: "Madam, naomba namba ya chumba." Nikampa. Kesho yake ikawa vilevile.

Siku ya kuondoka, mapokezi wakanipa karatasi. Mstari wa chumba ulisomeka sifuri. Chini yake kulikuwa na mistari minne ya kifungua kinywa, shilingi 4,500 za Kenya kila mmoja. Jumla 18,000. Mama alikuwa amesimama kando yangu ameshika mkoba wake, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, si ulisema tumeshalipa?"

Nililipa. Lakini uji ule wa Mama, bakuli mbili kwa siku mbili, bado unaniuma, na ndio unaonifanya niandike mwongozo huu. Sisi huku tumezoea kwamba bei ya chumba ina chai ndani yake. Hata gesti ya elfu thelathini pale Manzese, asubuhi wanakugongea mlango na chapati na chai ya rangi. Mtu akisikia "usiku wa bure" hawazi hata kidogo kwamba chai imebaki nje. Na kwenye programu karibu zote kubwa za pointi, imebaki nje: pointi zinalipia kitanda, na chakula ni juu yako isipokuwa una daraja la juu la uanachama. Nairobi, bei yenyewe ya chakula imebeba VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na mara nyingi tozo ya huduma nayo imo.

Kwa hiyo sitapanga hoteli kwa bwawa, mashuka wala wifi. Hoteli za kiwango hiki zinavyo vyote hivyo. Ninazipanga kwa swali moja: ukifika na mzee wako, asubuhi mtakula kwa pointi au kwa pochi?

Kwangu ya kwanza ni Accor, kampuni ya hoteli ya Ufaransa, na sioni haya kusema ninaipenda. Programu yao inaitwa ALL, na Nairobi hoteli yao ya kifahari ni Fairmont The Norfolk. Uzuri wa pointi za Accor ni kwamba zinafanya kazi kama pesa. Pointi 2,000 zinapunguza euro 40 kwenye bili, 4,000 zinapunguza euro 80, na kuendelea. Hakuna "chumba cha pointi" kilichotengwa peke yake. Unachagua bei ya chumba pamoja na kifungua kinywa, kama mteja mwingine yeyote, kisha pointi zinakata kwenye jumla. Chai imo. Ningekuwa na pointi hizi siku ile, karatasi ya mapokezi isingekuwa na mistari minne ya kumshangaza Mama.

Norfolk yenyewe ilifunguliwa mwaka 1904, ikiwa hoteli ya walowezi, na leo iko kwenye barabara yenye jina la Harry Thuku, mkabala na Ukumbi wa Taifa wa Maigizo. Mwezi wa Machi 1922 watu waliokusanyika hapo karibu kudai Thuku, mwanasiasa aliyekamatwa kwa kuupinga ukoloni, aachiwe walipigwa risasi. Mimi hupenda kulala mahali ambapo ukitoka getini unasoma jina la mtu wetu kwenye kibao.

Kasoro za Accor zipo na lazima uzijue. Mwanachama wa kawaida anapata pointi 25 kwa kila euro 10 anazotumia kwenye hoteli kama Fairmont, kwa maana hiyo unahitaji kutumia euro 800 ndipo upate zile 2,000 zenye thamani ya euro 40. Ni asilimia tano tu. Tena pointi zinaweza kufa ukikaa siku 365 bila kulala kwao. Andika tarehe kwenye kalenda ya simu. Usiku mmoja unaohesabika unatosha kuanza mwaka upya.

Ya pili ni Hyatt, hasa kwa aliye Dar au anayekuja Dar. Hyatt Regency Dar es Salaam ndiyo ile Kilimanjaro yetu ya zamani, pale Kivukoni, ukiamka unaona meli zinaingia bandarini. Programu yao, World of Hyatt, ina jambo ambalo Marriott na Hilton wameliacha: jedwali la bei la wazi. Hoteli imewekwa kwenye kundi lake, na unajua mapema ni kati ya pointi ngapi na ngapi itakudai. Unaweza kujiwekea lengo na kulifikia, badala ya kukimbiza bei inayohama kila wiki.

Kwenye chai, kifungua kinywa cha bure ni cha wenye daraja la Globalist, na kulifikia ni usiku 60 kwa mwaka. Sahau. Lakini jedwali lao lina safu ya pili watu wengi hawaiangalii, ya vyumba vya klabu, vinavyogharimu pointi zaidi kidogo. Mwenye chumba hicho anaruhusiwa kuingia kwenye sebule ya klabu, na asubuhi chakula kipo humo. Kabla hujabonyeza chochote, piga simu hotelini uulize mambo mawili: sebule inafanya kazi kwa tarehe zako, na chumba cha klabu kinapatikana kwa pointi? Wakisema ndiyo kwa yote mawili, chukua. Jambo jingine zuri, Hyatt wanaruhusu ndugu kuunganisha pointi bila malipo. Kama dada yako yuko Muscat ana chache na wewe una chache, mkiziweka pamoja usiku unapatikana.

Marriott ninaiweka ya tatu, ingawa ndiyo yenye hoteli mpya inayozungumzwa sana: JW Marriott ya Westlands, Nairobi, iliyofunguliwa 2024. Jengo ni la kuvutia, hilo sikatai. Tatizo ni kwamba tangu 2022 Bonvoy, programu ya pointi ya Marriott, hawana tena jedwali la pointi. Bei inapanda na kushuka pamoja na bei ya pesa, kwa hiyo wiki ya mkutano mkubwa jijini usiku uleule unaweza kukulia pointi nyingi zaidi. Wanajivunia kwamba ukilala usiku tano kwa pointi unalipia nne. Nani analala Nairobi usiku tano kwa ajili ya jicho la mama? Na daraja la Gold, ambalo watu wanalihangaikia kwa usiku 25, halikupi chai. Chai inaanzia Platinum, usiku 50.

Hilton ingekuwa juu zaidi kwangu kama ingekuwa na hoteli ya kifahari katikati ya Nairobi. Ule mnara wa duara tuliouzoea ulifungwa mwisho wa 2022. Ninasikitika, maana Hilton ndio wakarimu zaidi kwenye asubuhi: nje ya Marekani, mwenye Gold anapata kifungua kinywa yeye na mgeni mmoja, hata akilala kwa pointi. Gold hiyo inakuja pia na kadi ya American Express Platinum, kwa hiyo ndugu wengi wa Marekani na Uingereza wana haki nayo bila kujua. Lakini sikiliza vizuri hapa. Daraja ni la mwenye jina. Mpwa wako wa Houston akikuwekea chumba kwa pointi zake na yeye asije, chai yake haikufuati. Lazima awepo, alale.

Zile za bei ya chini, DoubleTree (ya Hilton) ya Oyster Bay, Dar, na Hyatt Place ya Westlands, Nairobi, ni safi na zinatosha kwa safari ya kazi. Si kifahari, na swali la chai ni lilelile.

Sasa wauzaji. Kuna watu kwenye magrupu ya WhatsApp wanauza "usiku wa pointi" kwa nusu bei. Unatuma pesa kwa M-Pesa, wanakuwekea chumba kutoka akaunti yao. Programu hizi zote zinakataza kuuza pointi. Kampuni ikigundua, akaunti inafungwa na chumba chako kinafutwa, na unaweza kulijua hilo ukiwa umesimama mapokezi na mizigo. Yule wa WhatsApp kakuuzia kitu ambacho hakuwa na haki ya kukiuza, na nimechoka kuona wanaoumia ni watu wanaotaka kumfurahisha mzazi mara moja tu maishani.

Kampuni zenyewe nazo nina neno nao. Kila baada ya muda wanatuma barua pepe: nunua pointi, tunakuongezea nyingine juu. Neno kifungua kinywa halimo kwenye barua hiyo. Piga hesabu kwanza: chukua bei ya kununua pointi zote, ongeza chai ya watu wawili kwa kila asubuhi, kisha linganisha na bei ya kawaida ya chumba chenye chai. Mimi nilipopiga hesabu hiyo kwa zile siku mbili za Mama, ingekuwa nafuu kulipa chumba kwa pesa. Na usinunue chumba kupitia Booking.com au Expedia ukitegemea pointi. Programu hizi zinahesabu chumba ulichoweka kwao moja kwa moja.

Jicho la pili la Mama linafanyiwa Desemba. Nimeshaweka chumba Norfolk, usiku mara mbili, bei yenye kifungua kinywa, na pointi 4,000 zimekata euro 80. Nilimpigia mhudumu wa mapokezi nikamwomba aandike kwenye nafasi yangu: watu wawili, chai ya asubuhi imelipiwa. Akanisomea alivyoandika, neno kwa neno, na nikamwomba anitumie kwa barua pepe.