Waya wa kufungia nzi wa trauti: upi ununue ukiwa Kigoma

Samaki aitwaye trauti hayupo Ziwa Tanganyika. Maji yetu yana uvuguvugu, yeye anataka vijito vya baridi vya milimani. Nzi bandia, yaani chambo kinachomwiga mdudu, ninaofunga hapa Mwanga huenda kwa shemeji yangu anayevua mitoni chini ya Mlima Kenya, na waya wao wote nanunua hapahapa mjini.

Nzi wenyewe ni rahisi kufunga: ndoana, waya uliozungushwa ukawa mwili, na nyoya laini shingoni. Ni ufungaji wa zamani wa kaskazini mwa Uingereza. Huko mwili ulikuwa wa uzi wa hariri tu, na nyoya lilikuwa la kwale. Waya unaongeza uzito, nzi anazama upesi mahali trauti anaposubiri wadudu wanaopanda kutoka chini. Ndoana ananiletea shemeji, namba 14 na 16 (namba ikipanda, ndoana inapungua). Nyoya natumia la kanga wa kufugwa au la shingo ya kuku jike. La jogoo ni gumu, halichezi majini. Kinachobaki kununua ni waya, na hapo ndipo watu wanapotupa hela.

Unaoutaka ni wa shaba, unene wa milimita 0.2 hadi 0.25. Huna kipimo? Uzungushe kwenye kalamu mara 20, mizunguko ibanane, kisha weka rula. Ikisoma milimita 4 hadi 5, umepata.

Wa kwanza kwangu, na sioni wa kuushinda, ni waya wa mafundi wanaosuka upya mota na jenereta. Mji wa wavuvi wa dagaa haukosi jenereta iliyoungua, kwa hiyo mafundi hawa wapo. Waya wao umepakwa vanishi, ndiyo maana haufifii. Una rangi ya asali au wekundu wa divai unaong'aa ukilowa. Lakini omba mabaki ya roli jipya. Ule uliofumuliwa kwenye mota iliyoungua vanishi yake imekuwa nyeusi, inabanduka kama magamba, na waya unakatika ukiuvuta. Mzee ninayemwendea mimi, nikishamwamkia tu, anajua nilichofuata: "Kuna vipande hapo kwenye kopo, mwanangu, chagua." Bei ni ya kuelewana, maana kwake ni vipande vilivyobaki.

Wa pili ni nyuzi za ndani ya waya laini wa umeme, ule unaokunjika. Duka lolote la vifaa vya umeme wanaukata kwa mita. Chukua wa milimita za mraba 1.5 wenye kiini kimoja: ukimenya ganda, kwa kawaida unakuta nyuzi 30, kila mmoja milimita 0.25. Nzi mmoja wa namba 14 anakula kama sentimita 6, na ukijumlisha kipande cha kushikia inafika 10. Basi mita moja inakupa nzi 300 hivi! Kwa hesabu hiyo hakuna waya wa bei nafuu zaidi. Naushusha nafasi ya pili kwa sababu hauna vanishi. Baada ya wiki chache unakuwa wa kahawia, usipoupaka rangi ya kucha isiyo na rangi.

Kwenye waya huu nililia mwenyewe. Niliwahi kununua mita tano dukani, nje shaba tupu, ndani alumini. Nzi 40 nikawafunga na kuwatuma, shemeji akapiga simu: "Hawa wako wanaelea." Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini, 8.96 kwa 2.70, gramu kwa sentimita ya ujazo. Tangu siku ile naingia dukani na wembe. Nakwangua uzi mmoja kabla ya kulipa. Weupe ukitokea, naurudisha.

Wa tatu ni waya wa shanga. Rangi zake zinavutia, kijani hasa, ila mwingi ni mnene na mwingine ni alumini. Ufungie ndoana kubwa, namba 10, na wembe usiuache nyumbani.

Waya wa chuma kisichoshika kutu nauweka wa nne. Haufifii, lakini ni mkaidi. Ukilegeza kidole unafumuka wote. Na waya wa kufungia nondo usiuguse. Unene wake unazidi milimita moja, na utashika kutu kabla ya kufika mtoni.

Ukifika na waya wako nyumbani, anzia kwenye mkunjo wa ndoana uje mbele, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa uliotangulia, na uache nafasi ya milimita mbili nyuma ya tundu la ndoana. Wengi wanajaza mpaka mwisho, nyoya linakosa pa kukaa. Mwisho wa waya usiukate kwa mkasi. Ukunjekunje mbele na nyuma mpaka ukatike wenyewe, usiache ncha ya kukata uzi. Kisha nyoya mizunguko miwili tu, ulilaze nyuma kwa vidole vilivyoloweshwa, ufunge kwa uzi mwembamba wa rangi ya chungwa. Ukiona nyoya limesongamana hadi waya hauonekani, fumua mzunguko mmoja.