Kitalu cha Mwembeni: Ushauri wa Kuaminika, Miche ya Matunda ya Kukaguliwa

Miongoni mwa vitalu vingi vya miche vilivyo kandokando ya barabara itokayo Kisumu kuelekea Kakamega, kimo kimoja kisicho na bango wala jina, ambacho wateja huelekezana kwa kutaja mwembe mkubwa unaokitia kivuli. Nimenunua hapo miche ya mboga kwa misimu kadhaa, na hivi karibuni nikaanza kununua ya matunda. Kwa maoni yangu, kitalu hiki kina sura mbili zisizolingana kabisa: ushauri wake kuhusu majira ni bora kuliko wowote niliowahi kupewa mjini, lakini miche yake ya matunda inamhitaji mnunuzi asiye na haraka.

Mgeni anapofika haulizwi kwanza anataka kununua nini. Mama anayesimamia mauzo huanza kwa kuuliza, "Unakaa upande gani, mama, na maji ya mfereji yanafika kila siku?" Swali hilo si la kupitisha muda. Wanaoishi Nyamasaria na kuelekea uwanda wa Kano wana udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kupitisha mkono, na mvua inaponyesha hushikilia maji mpaka mizizi ikakosa hewa. Hao hushauriwa kuinua matuta kwa sentimita 20 au 30, kuchanganya samadi iliyoiva, na kutokanyaga udongo ukiwa umelowa. Wale wa Riat, ambako kuna mwinuko na mawe mengi, huambiwa kinyume chake: wapande kwenye vishimo vilivyobonyea kidogo ili maji yasitiririke, kisha wafunike udongo kwa nyasi kavu.

Ushauri wa majira nao hutolewa kwa uwazi uleule. Nilipotaka miche ya nyanya katikati ya mvua ndefu, ambazo kwetu huanza Machi na kuendelea hadi Mei, mama huyo alikataa kuniuzia. Alieleza kwamba mvua ya hapa huja alasiri au jioni, majani hulala yakiwa yamelowa usiku kucha, na ukungu huyala kabla ya matunda kukomaa, isipokuwa kwa mtu mwenye paa la nailoni au aliye tayari kupuliza dawa mara kwa mara. Alinishauri niatike mbegu mwezi wa Mei ili miche ihamishwe Juni, mvua ikiwa imepungua, kisha akaniuzia mbegu za mrenda na kunde, akisisitiza kwamba hizo zipandwe moja kwa moja bustanini kwa kuwa hazipendi kuhamishwa. Ni nadra kumwona mchuuzi akimrudishia mteja pesa alizokwisha kuzitoa mfukoni.

Kwa Januari na Februari, jua linapokuwa kali zaidi, maelezo yake ni mafupi: mwagilia asubuhi na mapema, kwenye shina wala si juu ya majani, na uweke matandazo. Hapo pekee ndipo ninapotofautiana naye, kwa sababu hakutaja mchwa. Katika mitaa yetu nyasi kavu zikigusana na shina ni karamu, na mtu anayeweka matandazo bila kuacha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka mche anaweza kuukuta umekatwa.

Jambo lililonishawishi zaidi lilitokea mteja mmoja alipoleta mnyanya ulionyauka ghafla huku majani yake yakiwa bado ya kijani. Kijana anayefanya kazi hapo alilikata shina karibu na mizizi, akalining'iniza katika glasi ya maji safi, akatutaka tusubiri. Baada ya muda mfupi, uzi mwembamba mweupe ulianza kuteremka kutoka kwenye mkato, ukanyooka hadi chini ya glasi kisha ukatawanyika na kuyatia maji ukungu. Huo ni mnyauko wa bakteria, akasema, na hauna dawa ya kupuliza. Mmea ung'olewe pamoja na mizizi na kuchomwa, na kwa misimu kadhaa sehemu hiyo isipandwe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi. Akaongeza managu, yaani mnavu, ambayo wakulima wengi wa nyumbani hawayahesabu kuwa ndugu wa nyanya na huyapanda palepale mnyanya ulipofia. Katika maduka mengi ya pembejeo, nina hakika mteja yule angetoka na chupa ya dawa isiyo na faida.

Miche ya mboga yenyewe ni mizuri. Ya sukuma wiki huwa mifupi, yenye shina nene, na huzoeshwa jua na kupunguziwa maji siku chache kabla ya kuuzwa, kwa hiyo haishtuki inapohamishwa jioni. Pilipili hoho ndizo dhaifu. Nimeziona zikikaa kwenye trei mpaka zikachanua, na mche unaochanua ukiwa kwenye trei mara nyingi hudumaa.

Sasa miti ya matunda. Nilinunua miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mwingine wa aina hiyo, kwa kuwa mti uliobebeshwa huweza kuanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, ilhali ule wa mbegu humchelewesha mwenyewe miaka mingi na hauna hakika ya kuzaa tunda kama la mama yake. Kwa juu miche ilipendeza. Nilipochana mifuko nyumbani, mizizi ya baadhi yake ilikuwa imejizungusha chini kama kamba iliyokunjwa, ishara kwamba imekaa mfukoni kupita kiasi. Mmoja ulikuwa na utepe wa nailoni ambao haukuwa umetolewa mahali pa kubebeshea, nao ulikuwa umeanza kulikaba shina. Nilipolalamika nilibadilishiwa miwili bila ubishi, jambo la kupongezwa, lakini sikupata maelezo ya kuridhisha kuhusu vikonyo vilikotoka, wala sikuonyeshwa hati yoyote ya ukaguzi. Kwa mti utakaokaa ardhini miongo kadhaa, hilo ni pengo kubwa, hasa ikizingatiwa kwamba KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya, ipo kwa kazi hiyohiyo ya kusimamia ubora wa mbegu na afya ya mimea.

Kwa hiyo, anayenunua parachichi au embe hapo aombe mfuko mmoja uchanwe mbele yake, atafute kovu la kubebeshea na kuhakikisha kwamba limefunga vizuri, kisha anapopanda aliache kovu hilo juu ya udongo. Mwenye udongo mweusi asipande parachichi bila kuinua kilima cha udongo, kwa sababu mizizi yake huoza upesi mahali panapotuama maji.

Bei ni za kawaida kwa barabara hiyo, na malipo hupokelewa kwa M-Pesa au taslimu. Samadi huuzwa kwa gunia, nayo imeiva kweli: haitoi joto wala harufu kali mkono unapotiwa ndani. Usafiri hawana, bali humwita mwenye bodaboda anayejua kuzipanga trei bila kuivunja miche. Wanaojiandaa kwa mvua fupi za Oktoba waagize miche yao mwezi wa Agosti, kwa maana mvua zikishaanza, sukuma wiki huisha mapema asubuhi na hubaki zile pilipili hoho zilizochanua.